Kuku Akitembea

Koboko
Jumanne, 25 Februari 1997
Asubuhi: upepo mkavu, vumbi limetanda, jua halikuonekana mpaka saa tatu.

Margarita dada yangu,

Usishtuke kuona mwandiko umelala. Mwandishi mwenyewe amelala. Leo ni siku ya sita tangu nivunjike mguu wa kulia, mfupa wa muundi, na ndiyo mara ya kwanza nimeweza kuegemea ukuta na kushika kalamu.

Nilikuwa narudi nyumbani juu ya lori la tumbaku. Tukasikia bunduki, mbali, wala hazikuwa zetu, lakini dereva alikanyaga breki na kila mtu akaruka. Wenzangu wote waliangukia nyasi. Mimi niliangukia jiwe. Hakuna risasi hata moja iliyotufikia. Ningekaa pale pale juu ya tumbaku ningefika Koboko nikila muwa wangu.

Ngozi haikupasuka. Hilo nililiangalia kabla sijaanza kulia, maana ukarani wa zahanati miaka minane haukunipita bure. Zahanati yenyewe imefungwa tangu mwezi uliopita, wahudumu wamekimbia. Basi walinileta kwa mama mkwe wangu, Mama Medina, ambaye watu wa huku, na hata wa upande wa Kongo, wanamletea mifupa yao tangu kabla sijazaliwa.

Alisema Bismillahi, akanishika kisigino, akavuta. Nilipiga kelele mpaka mbuzi wa jirani wakakimbia. Akasema, "Lia, binti, lia. Mudomo iko yako. Lakini mguu sasa iko yangu, usitingishe." Akapaka mafuta ya simsim, akapanga matete yaliyopasuliwa, akafunga kwa vitambaa vya leso yangu ya bluu, ile ya Idi. Mikono yake ni ya ajabu, Margarita. Anatoa sufuria inayochemka mekoni bila kitambaa na uso haumkunjiki.

Kisha akamchukua kuku mwekundu, akamvunja mguu wa kulia mahali pale pale, akamfunga kwa matete membamba na kitambaa kile kile cha bluu. Ndiyo sheria ya kazi yake. Mgonjwa hapiti kizingiti mpaka kuku apekue chini kwa mguu ule. Kwa kawaida ni siku ishirini, mara chache ishirini na tano. Basi tunalala chumba kimoja, mimi kitandani, kuku kikapuni, tunaangaliana.

Mume wangu Kenyi yuko Ariwara, upande wa Kongo, na sabuni zake za kuuza. Mpaka umefungwa, hajui lolote.

Naandika Kiswahili, si lugha yetu, kwa sababu askari wa vizuizini hufungua barua: ya Kiswahili huisoma na kuiachia, na wasiyoweza kuisoma hubaki nayo. Adriko, yule dereva unayemjua, atakuletea hii kesho lori lake likirudi Arua na msafara.

Niambie: nyinyi huko hospitalini mngefanya nini tofauti?

Hawah

Jana nililala saa tano na robo.


Mvara, Arua
Jumatatu, 3 Machi 1997

Hawah,

Unaniuliza tungefanya nini! Tungepiga picha tuone mfupa umekaaje. Tungeweka plasta. Daktari wa mifupa angekuona. Vyote viko hapa, mwendo wa saa mbili tu kama njia ingekuwa njia.

Sina ugomvi na Mama Medina. Lakini mimi ndiye ninayewapokea wale ambao matete yaliwabana. Mwaka jana nilipokea mkulima wa Adumi, mguu mweusi mpaka kifundoni. Tuliukata. Mfupa wake ulikuwa umeunga vizuri kabisa. Sikuandikii haya kukutisha. Ndiyo, ni kukutisha.

Fanya hivi kila asubuhi na kila jioni. Bonyeza ukucha wa kila kidole cha mguu mpaka uwe mweupe, uachie, uhesabu moja, mbili. Rangi ikichelewa kurudi, damu haifiki. Linganisha joto na mguu mzima. Kisha fumba macho, mtu akuguse, wewe useme amegusa kidole kipi. Andika yote kwenye lile daftari lako. Kidole hata kimoja kikifa ganzi, vifundo vilegezwe siku hiyo hiyo.

Tena sikiliza. Mfupa uliopinda hunyooshwa ungali mbichi. Ukipita wiki ya nane, kuunyoosha ni kuuvunja upya. Wiki yako ya nane inaisha tarehe 17 Aprili. Nimehesabu mimi. Asikuhesabie kuku.

Margarita


Koboko
Jumatano, 12 Machi 1997
Asubuhi: mawingu upande wa Kongo. Hayakushuka.

Dada Margarita,

Nimefanya ulivyoagiza. Vidole vyote vizuri.

Leo ni siku ya ishirini na moja na kuku bado hajainuka. Jirani yetu Rehemah, ulimi wake unaujua, alichungulia mlangoni akasema, "Medina, hii kuku iko nasubiri mahari?" Mama hakucheka. Mtu ambaye hucheka hata matangani! Alisema tu, "Kuku iko mvivu, sawa na mwenyewe," akatoka.

Kuna jambo linanikera. Kuku wa siku ya kwanza alikuwa na kidole kisicho na ukucha, cha nyuma, mguu wa kushoto. Nilikiona vizuri kwa sababu nilikitazama ili nisitazame mguu wangu. Leo nimehesabu kucha zake, ziko zote. Labda nilikosea. Maumivu humwonyesha mtu mengi.

Ukuta ulio mbele yangu una nyufa saba. Ya tatu kutoka kushoto imerefuka nusu inchi tangu nianze kuipima kwa futi ya cherehani. Dirisha ni dogo kuliko beseni. Na kuhusu beseni: mama mkwe ndiye anayenibebea, asubuhi na jioni, amelifunika kwa kitambaa safi kama anapeleka chakula kwa wageni. Zaidi ya hapo siandiki.

Hawah

Jana nililala saa saba.


Mvara, Arua
Jumatatu, 24 Machi 1997

Hawah,

Barua yako ilikaa kizuizini siku kumi.

Wewe, unayepima ufa wa ukuta kwa nusu inchi, unaniandikia "vyote vizuri"? Hesabu iko wapi? Joto liko wapi? Tulisoma dawati moja miaka minne. Nakujua ukificha kitu.

Jumanne tarehe 1 Aprili Adriko atakuja na godoro ndani ya lori. Nimezungumza naye. Utarudi naye Jumatano. Mwambie Mama Medina nimekuita mimi, lawama iwe yangu.

M.


Koboko
Jumatano, 2 Aprili 1997
Asubuhi: mvua ya kwanza, fupi, harufu ya udongo mpaka kitandani.

Margarita,

Adriko yuko nje anafunga turubai, kwa hiyo naandika mbio. Siji.

Alifika jana saa kumi na godoro begani. Mama akaketi kwenye kizingiti, miguu ameinyoosha, mlango wote umejaa yeye. Nakunakilia walivyosemezana, maana niliandika papo hapo.

"Mama, kesho nabeba huyu."

"Kuku imetembea?"

"Mama, mimi nabeba watu. Kuku yako nitabeba Krismasi."

"Basi ngoja Krismasi."

"Mguu ya mutu si mguu ya kuku!"

"Adriko. Ile siku ulianguka na baiskeli, nani alifunga wewe? Hospitali?"

Adriko akashusha godoro.

"Nauliza, nani?"

"Wewe, mama."

"Na hiyo mguu inabeba wewe, ama inakataa?"

Adriko akachukua godoro lake akaenda. Mguu wake, nakiri, ulimbeba vizuri.

Ningeweza kupiga kelele. Watu wangenibeba. Sikufungua kinywa, na sababu ni hii.

Jioni ile nilipopata barua yako ya kwanza, siku ya kumi na tatu, nilipima. Kidole cha mwisho na kinachofuata vilikuwa baridi. Rangi ilirudi nikihesabu sita. Rehemah alinigusa na sindano, nikamwambia aanze, akasema amekwisha maliza. Mama alikuwa kisimani. Nilichukua mpini wa kijiko, nikaupenyeza chini ya vifundo, nikavilegeza vyote vinne. Katika kulegeza, mfupa ulisogea. Niliusikia kabla sijauhisi, kama mtu anatafuna kitu kigumu chumba cha pili. Nikafunga tena nilivyojua mimi. Nikamwapisha Rehemah asiseme.

Kidole kimoja kimerudi. Cha mwisho bado. Na mguu, nikiutazama kutoka juu, unyayo unaelekea nje.

Sasa ona nilivyojifunga. Kuku amebadilishwa, nina hakika. Huyu ni mwingine, na Mama amenificha. Nikimuuliza habari za kuku ataufungua mguu wangu auone vizuri, na ataona vifundo si vyake. Mfupa ukiwa umepinda, aliyeupinda ni mimi. Mwanamke aliyeunga mifupa ya nusu ya wilaya, na mkwewe akaharibu kazi yake kwa mpini wa kijiko. Kila baada ya siku tatu anakuja na mafuta, anapaka juu juu bila kufungua, mimi natazama dari, yeye anatazama ukuta.

Adriko anapiga honi.

Hawah

Jana sikuandika saa. Sijui kama nililala.


Mvara, Arua
Jumatatu, 7 Aprili 1997

Hawah wangu,

Ulifanya sawa. Soma tena: ulifanya sawa. Usingelegeza, sasa tungekuwa tunazungumza habari nyingine.

Nami nina langu. Nilikudanganya. Plasta hatuna tangu Januari. Mashine ya picha ipo, filamu hazipo. Zimekwama Kampala kwa sababu ya njia. Daktari wa mifupa hajaweza kuja tangu kabla ya Krismasi. Wodini kwangu wako watu watatu waliovunjika miguu kama wewe, nimewaning'iniza miguu kwa kamba na mifuko ya mchanga ya kuivuta. Mmoja ana vidonda mgongoni kwa kulala. Nilikuambia uje kwenye mchanga.

Kwa nini? Nilitaka uwe mahali ambapo naweza kukugusa vidole mwenyewe. Na niliona haya. Miaka yote nawaambia watu wasiende kwa waganga, waje kwetu kwenye vifaa. Sasa vifaa vyenyewe ni mchanga wa mtoni.

Daktari wetu wa hapa, kijana lakini ana adabu, nilimsimulia habari za Mama Medina. Hakucheka. Amenituma niulize: anajuaje siku ya kumsimamisha mgonjwa? Sisi tunapiga picha. Yeye anajuaje? Na ni kweli anamtegemea kuku?

Mwambie Mama yote, ya kijiko pia. Wewe peke yako huwezi, mimi niko mbali, na aliyebaki ni yeye. Tarehe 17 haijafika. Kama umepinda, auone sasa.

Margarita


Koboko
Jumatano, 23 Aprili 1997
Asubuhi: mvua tangu alfajiri, imepungua saa nne.

Margarita,

Barua yako ya tarehe saba nimeipata jana. Njia ilifungwa wiki mbili, Adriko alikaa nayo mfukoni. Kwa hiyo tarehe 17 ilipita mimi nikiwa natazama nyufa. Leo ni siku ya sitini na tatu.

Jana hiyo hiyo, Mama alipoingia na mafuta, nilimwambia, "Mama, nililegeza matete."

Akauliza, "Siku gani?"

"Ya kumi na tatu. Kwa kijiko."

Nilingoja anipige. Aliweka mafuta chini, akapiga magoti, akainamisha uso mpaka kwenye unyayo wangu, akaweka shavu lake juu ya vidole. Shavu, Margarita, si mkono. Akakaa hivyo muda mrefu. Kisha akasema, "Iko moto. Alhamdulillahi. Yote?"

"Cha mwisho hakisikii."

"Hiyo ni mimi," akasema. "Si kijiko. Ni mimi."

Kisha akanionyesha mikono yake kana kwamba sijawahi kuiona. Vidole vimekufa ganzi tangu mwaka jana. Ganzi ilianza nchani, sasa imefika kiganjani. Ile sufuria nilikuwa naisifu! Ana makovu ya moto ambayo hakuyasikia yakiingia. Hakumwambia mtu, wala Kenyi, mwanawe.

"Kuku ya kwanza ilikufa siku ya tisa," akasema. "Mguu nyeusi. Hapo nikajua nimefunga ngumu. Nikajua na wewe pia."

"Kwa nini hukunilegeza?"

"Kwa vidole gani, binti? Kufunga, mutu anaweza bila kusikia. Kulegeza ndiyo kazi." Akajifuta uso kwa leso. "Nikatafuta kuku nyingine. Nikasema, wacha nipate siku. Labda Mungu atarudisha mikono. Na hiyo pia nilifunga mubaya, mpaka leo haisimami."

Hakunizuia kwa ukaidi. Alikuwa amejifungia humu pamoja nami.

Nilimsomea swali la daktari wako. Kwanza alicheka, cheko lake la zamani. "Mwambia yeye: kuku si dawa. Mgonjwa nabishana na mganga, nabishana na bwana, nabishana na mama mkwe. Na kuku habishani. Kuku ni ya kushika mutu kitandani." Kuhusu siku ya kusimama, alisema hujua kwa kidole gumba: unabonyeza pale palipovunjika, na kama mfupa ni mgumu, hauchezi, na mgonjwa hakunji uso, na anainua kisigino mwenyewe, basi. Kuku aliyeunga vizuri humwambia mgonjwa tu. Mganga amekwisha jua.

Tukaufungua. Alinielekeza, nikaushika mwenyewe. Kuna uvimbe mgumu kama kifundo cha muwa. Hauchezi. Kisigino nimeinua peke yangu. Unyayo umegeuka nje kwa upana wa vidole viwili. Mama aliutazama, akasema, "Mimi ya zamani ningevunja tena, nanyoosha." Tukatazama mikono yake wote wawili. Tukauacha ulivyo.

Nilisimama saa kumi na dakika ishirini kwa magongo mawili. Kuku alikuwa bado amelala kikapuni. Nikapita kizingiti mbele yake. Nje kulikuwa na nuru nyingi mno, nikarudi ndani.

Hawah

Jana nililala saa nne kamili.


Mvara, Arua
Jumatatu, 28 Aprili 1997

Hawah!

Nimesoma barua yako mara tatu, ya tatu nikimsomea daktari. Swali lake la pili ni kama Mama Medina atakubali tumpime mikono. Ganzi kama hiyo ina sababu, na nyingine zina dawa.

Filamu zimefika jana pamoja na msafara, na plasta mafurushi mawili. Njoo tuupige picha huo mguu. Kwangu kuna kitanda. Wodi inatafuta karani, nimelitaja jina lako. Adriko amekuwekea kiti cha mbele, pembeni mwake, usije ukaruka tena.

Kesho, dada. Kesho kutwa nakuona.

Margarita


Koboko
Jumatano, 30 Aprili 1997
Asubuhi: kumekucha safi, barabara ina matope.

Margarita,

Nakunakilia ukurasa wa jana kama ulivyo, maana nikianza upya nitapunguza.

"Jumanne, 29 Aprili. Siku ya sitini na tisa. Asubuhi: mvua kubwa, saa tatu jua. Nimefunga mfuko: nguo tatu, daftari, futi. Mama amenipikia sambusa za njiani. Nikamwambia habari ya kupimwa mikono, akasema atafikiri. Nikamwambia nitarudi, akasema, 'Nani amekataa?' Adriko alifika saa tisa, akala sambusa zangu mbili, akasema tutaondoka kesho saa moja, nilale nimevaa viatu.

"Saa kumi na nusu waliingia watu kama kumi na tano. Rosa Kiden, anayeuza maandazi sokoni, ameteleza kwenye bomba la maji. Mkono wa kushoto, mifupa yote miwili, umekunjika kama una kiwiko cha pili. Mumewe Yugu amemshika kiunoni. Wote wanamtazama Mama. Mama akanitazama mimi.

"Akasema kwa sauti, 'Hawah, lete mafuta, ukae hapa karibu, unishikie.' Akamfunika Rosa mkono kwa leso. Chini ya leso akaweka mikono yangu, juu ya yangu akaweka yake. Akasema Bismillahi mbele ya watu wote. Mdomo wake ulikuwa sikioni mwangu.

"'Vuta. Polepole. Wewe nasikia nini?'

"'Kama karanga ndani ya ganda.'

"'Geuza kidogo kwako. Sasa?'

"'Bado.'

"'Geuza.'

"'Imenyamaza.'

"'Acha hapo.'

"Rosa, jasho linamtoka, akasema, 'Mama Medina, mikono yako imekuwa ndogo.' Mama akajibu, 'Ni kuzeeka, binti.' Watu wakacheka, na Yugu akacheka zaidi ya wote kwa hofu. Nikafunga matete. Niliacha nafasi ya kupita kidole. Nikambonyeza kucha tano. Moja, mbili. Zote."

Leo asubuhi nimempima Rosa tena, kucha ziko vizuri. Saa moja Adriko alipiga honi mara tatu, kisha mara moja ndefu. Nilitoka mpaka barabarani kwa magongo, hatua tisini na nne, nikamwambia anipe nusu saa niandike barua hii.

Rosa anataka kupimwa asubuhi na jioni, na kufungwa upya kila siku ya tatu, wiki sita. Nani atafanya? Nikisema kweli mbele ya watu, Mama amekwisha, na njia ya kuja kwenu inafungwa tena wakati wowote. Nikinyamaza, mikono ni yangu. Amekuja mwingine asubuhi hii, mzee na bega lake. Ameketi chini ya paa la jiko, ananisubiri na hajui kuwa anayemsubiri ni mimi.

Mguu wangu sasa unaweza kunifikisha popote. Nimeupima jana kutwa.

Nitumie kile kitabu chako cha mifupa chenye michoro, na plasta kidogo ukiweza. Mwambie daktari Mama amekubali kupimwa, ila daktari mwenyewe ndiye aje huku. Kiti cha mbele Adriko ampe mtu mwingine.

Mfuko wangu uko mlangoni. Sijatoa vitu. Mama anauruka akipita.

Hawah

Jana nililala saa nane kasoro dakika kumi, nimevaa viatu.